Miamba bandia: tafadhali msizamishe matairi

Ndugu mvuvi wa Kilwa, nimekuelewa: mwamba wenu ulivunjwa na baruti, changu na tasi wametoweka, na BMU yenu (kikundi cha wanajamii cha kusimamia rasilimali za uvuvi) inataka kuzamisha matairi mabovu ili samaki warudi. Nawasihi msitumie matairi. Huko Florida, Marekani, takriban matairi milioni 2 yalizamishwa katika miaka ya 1970. Vifungo vikakatika, mawimbi yakayasukuma, nayo yakaharibu matumbawe hai yaliyokuwa jirani.

Tengenezeni maumbo ya zege yenye matundu ya ukubwa tofauti, mazito kiasi cha kutohamishwa na bahari ya kusi, mkayaweke juu ya vifusi vya mwamba uliovunjwa na kamwe si juu ya matumbawe hai wala majani ya bahari. Vifusi vya baruti huviringika na kuua matumbawe machanga, ilhali zege huyapa mahali imara pa kujishikiza.

Kubwa zaidi, kubalianeni kwanza kutovua hapo, kwa sababu mwamba bandia huwakusanya samaki upesi kuliko unavyowaongeza, na nyavu zikiufuata mtawamaliza hata wachache waliosalia. Kuhusu kibali, muoneni mapema ofisa uvuvi wa wilaya pamoja na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Upimaji wa kina na mikondo mwachieni mtaalamu wa bahari.