Maswali ya Wasomaji: Video za Maulidi na ahadi za blokucheni

SWALI: Assalam aleikum. Nina gigabaiti 60 za video za Maulidi kwenye kompyuta ya nyumbani. Jamaa walioko Uingereza wakizifungua, zinakwamakwama. Nimeambiwa nijiunge na mtandao wa usambazaji wa blokucheni: video zitakwenda mbio, nami nitalipwa tokeni (sarafu za kidijitali). Ni kweli?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Ukweli upo, ila umechanganywa na mengine. Blokucheni haibebi video. Ni daftari tu la nani ameahidi kuhifadhi nini, ametimiza au la, alipwe kiasi gani. Video hupita kwingine, kwa mfano IPFS, mtandao wa kompyuta zinazogawana faili moja kwa moja, ulioanza 2015. Humo faili hukatwa vipande, kwa kawaida vya kilobaiti 256, kisha hupewa utambulisho unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Yeyote mwenye nakala anaweza kumhudumia mtazamaji. Ukibadilisha ukubwa wa vipande, utambulisho nao hubadilika ingawa video ni ileile, kwa hiyo andika mahali mipangilio uliyotumia.

Kasi huletwa na nakala zilizo karibu na mtazamaji. Nakala ikiwa moja tu, tena hapo Langoni, hujapata nafuu yoyote. Pima kasi ya kupakia, si ya kupakua. Ikiwa ni megabiti 5 kwa sekunde na video inataka 2.5, watazamaji wawili wanaijaza njia yote. Kuhamisha gigabaiti 60 kwa kasi hiyo huchukua takriban saa 27 mfululizo.

Kuna kikwazo kingine, hasa kwa wenye intaneti ya simu. Tazama anwani ya nje ambayo ruta imepewa. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia anwani moja na wateja wengine. Hata ukifungua poti 4001 (mlango wa mawasiliano ambao IPFS hutumia) kwenye ruta, wa nje hawakufikii moja kwa moja. Nodi, yaani kompyuta yako iliyojiunga na mtandao, itaonekana hai na itapokea vizuri. Kutoa ndiko kutakakosumbua.

Basi anza kwa kupunguza video ziwe za 480p (ubora wa picha wa wastani), megabiti 1 kwa sekunde. Saa nzima itakuwa kama megabaiti 450. Kodi seva ndogo Ulaya yenye anwani yake ya umma, uziweke huko, na uhakikishe nodi zote mbili, ya nyumbani na ya seva, zimeamriwa kuzishikilia, yaani zisizifute. Nakala isiyoshikiliwa hufutwa nafasi inapotakiwa. Jamaa wenye kivinjari cha kawaida watapitia seva ya lango, inayowatolea faili za IPFS kama tovuti ya kawaida, nayo isimamishe kwenye seva hiyohiyo, maana malango ya umma yakisongamana video hukwama vilevile.

Tokeni zisahau. Filecoin, mtandao wa blokucheni unaolipa tokeni kwa kuhifadhi data, ulioanza kazi Oktoba 2020, humtaka mhifadhi aweke dhamana na athibitishe kila saa 24 kwamba data bado ipo; asipothibitisha, hutozwa faini. Kuandaa sekta zake (mafungu ya kuhifadhia data) za gigabaiti 32 kunataka mashine yenye RAM ya gigabaiti 128. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika, hiyo ni hasara ya wazi.

SWALI: Nimepakia IPFS picha za harusi ya mteja bila kuzisimba (kuzifunga kwa ufunguo wa siri). Nazifutaje?
Mpiga picha, Malindi

JIBU: Kwenye nodi yako tumia amri ya ipfs pin rm pamoja na utambulisho wa picha, kisha ipfs repo gc; ya kwanza huacha kuzishikilia, ya pili huzifuta. Iagize pia kila huduma unayoilipa kuzishikilia iziachie. Nakala iliyokwisha kuchukuliwa na mwingine huna uwezo nayo, kwa hiyo mjulishe mteja leo. Zijazo zisimbe kabla ya kupakia, na ufunguo mpe mkononi.