Je, Tycho ni Ngorongoro ya Mwezini?

Barua nne tunazozijibu katika toleo hili zinahusu mashimo ya Mwezini. Tatu zinazungumzia kreta moja, kwa hiyo tumeziweka pamoja, na ya nne tumeiongeza kwa kuwa inaturudisha nyumbani Tanzania.

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Kigamboni mwezi mpevu unapochomoza kutoka baharini, nikiutazama kwa darubini ya macho mawili ninaona upande wa kulia doa jeupe lenye mistari mirefu inayosambaa pande zote. Jirani yangu, mzee aliyewahi kuendesha magari ya watalii Arusha, anasema ule ni mdomo wa volkano iliyolala, kama Ngorongoro, na kwamba mistari ile ni lava iliyotiririka zamani. Je, ni kweli? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Doa hilo ni kreta iitwayo Tycho, iliyoko katika nyanda za juu za kusini mwa Mwezi. Jina ni la mwanafalaki wa Denmark, Tycho Brahe, na lilitolewa na padri wa Kiitalia Giovanni Riccioli, ambaye ramani yake ya Mwezi ilichapishwa mwaka 1651. Wewe unaliona upande wa kulia kwa sababu sisi wa Dar es Salaam tuko karibu na Ikweta: Mwezi unapochomoza mashariki, kaskazini yake huwa mkono wetu wa kushoto na kusini mkono wa kulia. Ukiamka alfajiri na kuutazama unapozama magharibi, utaikuta Tycho imehamia kushoto.

Mzee wako asichekwe. Hadi katikati ya karne ya 20 wanasayansi wengi, tena wenye majina makubwa, waliamini kwamba mashimo ya Mwezini ni midomo ya volkano, na ukiangalia umbo peke yake, duara lenye kuta na sakafu bapa, utaona kwa nini walidhani hivyo. Tofauti hujitokeza pale unapopima. Ngorongoro ilitokea miaka inayozidi kidogo milioni 2 iliyopita, pale volkano kubwa ilipoishiwa miamba myeyuko tumboni mwake na kilele chake kikatitia. Ina upana wa kilomita zipatazo 20 na kuta za kama mita 600, na sakafu yake imebaki juu mlimani, kwenye kimo cha takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, juu kabisa ya tambarare ya Ziwa Manyara. Tycho ina upana wa kilomita 85, ambao ni zaidi ya mkondo wa bahari kati ya Dar es Salaam na mji wa Zanzibar, na kutoka ukingo wake hadi sakafuni ni karibu kilomita 4.7. Sakafu hiyo imezama chini kabisa ya ardhi inayoizunguka. Hapo hakuna mlima uliobomoka kileleni. Pana shimo lililochimbwa katika ardhi ambayo haikuwa na mlima.

Hoja hiyo ya kimo cha sakafu ilitolewa mwaka 1893 na mwanajiolojia wa Marekani Grove Karl Gilbert, aliyesema kwamba mashimo ya Mwezi yalichimbwa na vitu vilivyoanguka kutoka angani. La kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, baada ya kuikagua kreta ya Arizona iliyokuwa nchini kwake, aliamua kwamba hiyo ilifumuliwa na mvuke wa chini ya ardhi. Jambo hilo lilikuja kumalizwa mwaka 1960, wakati mwanajiolojia Eugene Shoemaker na wenzake walipotambua katika miamba ya Arizona madini yaitwayo koesiti, ambayo huhitaji mgandamizo mkubwa kuliko ule ambao volkano inaweza kuutoa pale juu ya ardhi.

Tuje kwenye mistari yako. Lava ni kitu kizito kinachotiririka, hivyo hufuata mteremko na kujikusanya mabondeni. Miale ya Tycho haifuati mteremko wowote: inapita juu ya milima, inavuka mabonde, inakatiza juu ya kreta nyingine za kale, na baadhi yake inafika zaidi ya kilomita 1,500 kutoka ilikoanzia. Ni vumbi na vipande vya mwamba vilivyorushwa wakati wa mgongano, vikaruka bila hewa ya kuvizuia, kisha vikaanguka kwa kasi na kuchimba vishimo vingine vidogo vilivyofukua udongo mweupe wa chini. Ukiwa na darubini nzuri utaona pia kwamba miale hiyo haikugawanyika sawasawa, kwani upande wa magharibi wa Mwezi ni haba. Kitu kinachoanguka kwa mshazari hurusha vifusi vingi mbele na pembeni kuliko kule kilikotoka, kwa hiyo tunajua angalau njia aliyopitia mgeni huyo.

Usiku huo huo wa mwezi mpevu, tafuta pia pete ya rangi ya kijivu iliyoizunguka kreta yenyewe, kati ya ukingo na mahali miale inapoanza. Sehemu kubwa ya giza hilo ni mwamba ulioyeyushwa na mgongano, ukamwagika nje ya ukingo, kisha ukapoa haraka na kugeuka kioo. Huenda hiyo ndiyo “lava” aliyoihisi mzee wako, ila haikutoka tumboni mwa Mwezi. Iliyeyushwa pale pale juu kwa nguvu ya kishindo.

Ushauri mmoja kabla hatujaendelea. Mwezi mpevu hufaa kwa kutazama miale, lakini huficha kuta na vilima, kwa kuwa jua linakuwa limeuelekea uso wa Mwezi moja kwa moja na vivuli vinatoweka. Ni kama barabara ya vumbi ya mtaani: mchana wa saa sita unaiona imenyooka, lakini usiku taa za gari zikiimulika kwa chini kila shimo linajitokeza. Kwa Tycho, wakati wa taa za gari ni mwezi wa siku nane hadi kumi, pale jua linapokuwa ndiyo kwanza linachomoza juu ya ukingo wake.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimeona picha ya Tycho, na katikati yake kuna mlima. Kama kitu kilianguka pale, si katikati ndiyo pangekuwa na kina kirefu kuliko kwingine? Na kama kilikuja kwa mshazari, mbona shimo ni duara? — Mwanafunzi, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza lile ambalo watetezi wa volkano walilitumia kwa miaka mingi kama ushahidi wao mkuu, wakisema mlima wa katikati ndiyo volkano yenyewe.

Tuanze na duara. Usidhani kwamba kitu hicho kiliusukuma udongo kando kama jembe. Vitu vya aina hiyo huupiga Mwezi kwa kasi ya kilomita 15 hadi 20 kwa sekunde, na kwa kreta ya ukubwa wa Tycho kinakadiriwa kuwa kilikuwa na upana wa kilomita 8 hadi 10. Kwa kasi hiyo kitu husimama karibu pale pale kilipogusa, nishati yake yote hugeuka wimbi la mgandamizo na joto, na mwamba hulipuka kuelekea pande zote kutoka sehemu moja. Ndiyo maana shimo hutoka duara hata kama njia ilikuwa ya mshazari. Pembe inapokuwa ndogo sana, kitu kikaja karibu kukwangua uso wa Mwezi, hapo tu ndipo shimo hurefuka.

Sasa mlima. Wimbi lile linapopita, mwamba wa chini hugandamizwa kupita kiasi, na mzigo wa juu ukishaondolewa sakafu hufumka kuelekea juu. Wakati huo kuta za pembeni, zilizoachwa zimesimama wima bila mhimili, huporomoka kwa mapande makubwa yanayoteleza kuelekea ndani. Ndizo zile ngazi unazoziona pichani zikiizunguka sakafu. Kwenye Mwezi mambo haya hutokea kwa kreta zinazozidi upana wa kilomita 15 hadi 20 hivi. Zilizo ndogo zaidi hubaki na umbo la bakuli, bila ngazi na bila mlima, jambo ambalo lingekuwa gumu kulieleza kama milima hiyo ingekuwa volkano. Duniani, ambako mvutano ni mkubwa, mpaka huo huvukwa mapema, kwenye kreta za kilomita 2 hadi 4 tu.

Kilele cha Tycho kimesimama kama kilomita 2 juu ya sakafu. Mwaka 2011 chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kinachouzunguka Mwezi, kilikipiga picha kwa ubavuni wakati jua likichomoza, na kule juu kabisa likaonekana jiwe moja lenye upana wa mita 120 likiwa limekaa katika kibonde. Pembeni ya jiwe hilo kuna eneo laini lenye nyufa, ambalo ni mwamba ulioyeyuka ukaganda. Hebu fikiri mwamba huo ulifikaje kileleni. Ulirushwa juu na mgongano, kisha ukanyesha chini, na ulipofika ulikuta kilele kimekwisha kuinuka. Maana yake mlima mzima, wenye kimo cha kilomita 2, uliinuka kwa muda unaohesabiwa kwa dakika. Mimi sijui mlima wa volkano unaoweza kufanya hivyo.

Kwa wanajiolojia, milima hiyo ni kisima ambacho hakuna aliyelazimika kukichimba, kwa sababu mwamba wake umetoka kilomita nyingi chini. Mwaka 1982 mtafiti Carle Pieters aliuchunguza mwanga unaoakisiwa na milima ya katikati ya kreta ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93, akatambua madini ya olivini ambayo eneo linaloizunguka halikuyaonyesha.

SWALI: Nafundisha jiografia, na vitabu vinasema Tycho ina umri wa miaka milioni 108 au 110. Wanafunzi wameniuliza umri huo umepatikanaje ilhali hakuna binadamu aliyefika pale. — Mwalimu, Ubungo

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, hakuna aliyefika. Chombo kisicho na watu, Surveyor 7, kilitua Januari 1968 nje kidogo ya ukingo wa kaskazini na kupima udongo, ambao ulionekana kuwa na chuma kidogo kuliko ule wa tambarare nyeusi tunazoziita bahari za Mwezi. Lakini hakikurudi na jiwe lolote.

Umri ulipatikana mbali sana na hapo. Desemba 1972, wanaanga Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17 walitua katika bonde la Taurus-Littrow, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Tycho. Bonde hilo lina kundi la kreta ndogo za umri mmoja, na chini ya mlima wake wa kusini kuna maporomoko meupe. Inaaminika vyote viwili vilisababishwa na vifusi vya Tycho vilivyofika huko. Jiwe likiwa limefukiwa halipigwi na miale ya anga, yaani chembe ndogo sana zinazokuja kwa kasi kutoka angani (si miale ya Tycho), na likifukuliwa huanza kupigwa, na atomi zake chache hubadilika kidogo kidogo kwa kiwango kinachojulikana. Mawe yaliyoletwa kutoka pale yalipopimwa, yakaonyesha kwamba yamekuwa wazi kwa takriban miaka milioni 110.

Waambie wanafunzi wako kwamba huo ni ushahidi wa kuunganisha: ukivunjika uhusiano kati ya maporomoko yale na Tycho, tarehe nayo itayumba. Kinachoupa nguvu ni kwamba hesabu ya vishimo vidogo vilivyopiga juu ya vifusi vya Tycho inatoa umri usiopishana sana na huo. Weupe wa miale nao unakubaliana, kwa kuwa vimondo vidogo na upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye Jua, huutia giza udongo wa Mwezi kwa muda mrefu. Copernicus, inayokadiriwa kuwa na miaka milioni 800, bado ina miale lakini imefifia, na Eratosthenes, yenye miaka zaidi ya bilioni 3, haina tena.

Kama unataka kuwaunganishia na somo la historia ya Dunia, wakati Tycho inachimbika dinosaria walikuwa bado wanatembea duniani, ingawa wale wa Tendaguru kule Lindi, ambao mifupa yao ilichukuliwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913 na hadi leo iko Berlin, walikuwa wamekwisha kuzikwa kwa miaka kama milioni 40.

SWALI: Kama Mwezi umepigwa kiasi hicho, mbona Dunia haina mashimo? Na kile kimondo cha Mbozi kilichimba shimo gani? — Msomaji, Mbagala

JIBU: Dunia imepigwa pia, lakini mvua, mito, bahari na mwendo wa mabamba ya ardhi hufuta alama ambazo Mwezi, usio na hewa wala maji yanayotiririka, huzihifadhi. Kreta zilizothibitishwa duniani ni kama 200 tu. Barani kwetu, ziwa Bosumtwi la Ghana limejaa ndani ya kreta ya upana wa kilomita 10.5 yenye umri wa miaka milioni 1 na ushei, na Vredefort ya Afrika Kusini, ya miaka bilioni 2 hivi, imelika kiasi kwamba tunachokiona ni mizizi yake.

Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa mita zipatazo 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua zamani, na kiliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1930, wakati sehemu ya juu tu ndiyo iliyokuwa ikionekana. Handaki unaloliona leo kando yake lilichimbwa na watu ili kukifunua. Shimo la mgongano halijapatikana, na hilo linaashiria kwamba kilianguka maelfu ya miaka iliyopita na mmomonyoko ukapata muda wa kutosha kulifuta.