Barua kwa mwanangu: omo imeelekea wapi

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Waniuliza kama siku 4 zinatosha kuiona Cairo, na kama muanze na piramidi au na jumba la makumbusho. Ratiba ya yule wakala wa safari nimeiona pia. Saa 2 piramidi, saa 5 makumbusho, saa 9 ngome ya Salahuddin, magharibi chombo cha kulia chakula mtoni Nile. Msikiti wa Azhar, na chuo chake nilikosoma, mmepewa dakika 40. Mimi niliikalia miaka 6, na nilipoondoka kulikuwa na nguzo ambazo sijapata kuziegemea.

Tangu Ijumaa najaribu kukujibu. Kila nikianza kuzipanga siku zako 4, najikuta nimerudi kwenye siku 3 za babu yako.

Kwamba alifika Cairo mnajua nyote, kwa ile picha ya ngamia iliyo sebuleni kwa shangazi yako. Lakini ile picha haisemi kitu. Hata uso wake hauonekani vizuri, kajikinga jua kwa mkono. Safari yenyewe sijapata kuwasimulia, na mama yako ndiye peke yake anayejua kwa nini.

Ilikuwa Februari 1988. Babu yako alikuwa anatoka Umra, na ndege yake ya kurudi Nairobi ikapitia Cairo, ndipo tukapanga akae nami. Mimi nilikuwa mwaka wa 4, nakaa Abbasiya kwenye mabweni ya wanafunzi wa nje. Cairo aliijua kwa redio. Sauti ya Cairo ilianza kusema Kiswahili miaka ya 1950, na pale kwetu Lamu, kwenye banda lake la kuundia vyombo Matondoni, redio ilining'inia kwenye msumari, mafundi wakipiga kalafati, kuziba nyufa za mbao, huku wanasikiliza. Kwa hiyo alikuja kama mtu anayekwenda kwa jamaa aliyesikia sauti yake maisha yote na hajamwona uso.

Nami nilikuwa na ratiba. Nilikuwa kijana, nimeujua mji, nataka baba yangu aone kwamba nimeujua. Nilitaka apande treni ya chini ya ardhi, iliyokuwa imefunguliwa miezi michache tu nyuma, 1987, ya kwanza Afrika nzima. Nilitaka apande mnara wa Cairo, mita 187, auone mji wote chini yake. Yeye alikuwa na ombi moja tu. Aliniambia pale pale uwanja wa ndege, kabla hajauliza habari za masomo: "Nipeleke kwa Imamu Shafi." Wewe umekulia kwetu, huhitaji kuelezwa. Watu wa pwani yetu wamesoma dini kwa madhehebu yake tangu mababu, na yeye amelala Cairo tangu mwaka 820. Nikamwambia, kesho, Baba.

Siku ya kwanza tukaenda Giza. Piramidi aliitazama akaisifu, ndipo ikapigwa ile picha. Kisha nikamwingiza kwenye jumba lililokuwa kando ya piramidi ya Khufu, mahali ilipowekwa ile jahazi ya mfalme. Nilidhani tutapita tu. Tukavalishwa vifuniko vya nguo juu ya viatu ili tusiingize mchanga, tukapanda ngazi.

Mwanangu, babu yako aliposimama mbele ya chombo kile alinyamaza hata nikamshika mkono nikidhani anaumwa. Urefu wake ni mita 43 hivi. Mbao za mierezi kutoka Lebanoni, zenye umri wa miaka 4,500, zilizokutwa shimoni mwaka 1954 zimetenguliwa na kupangwa, vipande zaidi ya 1,200, na kuunganishwa tena ikawa kazi ya miaka. Na mbao hizo hazikupigiliwa misumari. Zimeshonwa kwa kamba, ubao kwa ubao.

Sasa fikiri. Baba yake babu yako alikuwa fundi wa mitepe, vile vyombo vya kale vya pwani yetu. Mtepe nao ulishonwa, kwa kamba za makumbi. Babu yako mwenyewe hakupata kuunda hata mmoja, alikuta kazi imekwisha, watu wamehamia kwenye misumari. Alikuwa na maneno ya baba yake tu kichwani, jinsi tundu linavyotobolewa, jinsi kamba inavyokazwa na kuzibwa. Akaja kuiona kazi hiyo kwa macho yake katika jangwa la Misri. Akaketi chini, pale pale sakafuni, na kikoi chake. Kidole chake kikawa kinafuata mshono hewani, kinaingia, kinatoka, kinaingia. Mlinzi akaja, akamtazama, akaondoka. Hata yeye alielewa.

Mimi ndiye sikuelewa. Nilitazama saa. Mnara ulikuwa unatungoja, na dereva wa teksi nilikuwa nimekwisha patana naye. Ilipotimia saa nzima nikamwambia neno ambalo mpaka leo likinijia usiku naamka: "Baba, hizo ni mbao tu. Umezaliwa kwenye mbao, hujachoka nazo?"

Akainuka. Akakung'uta kikoi. Akasema, "Twende, mwanangu, usije ukachelewa." Mnarani alitazama huku na huku akasema pazuri. Chai nilimnunulia kule juu, akanywa nusu.

Ndiyo maana mnanisikia nikisema, na ndugu zako wananicheka, kwamba mji hauonwi kwa kupita, mji huonwa kwa kuketi. Mnadhani ni maneno yangu. Ni yake, nilijifunza kwake siku ile kwa kumwondoa.

Siku ya pili ikaenda Azhar, msikitini kwa Sayyidna Hussein na kwa wenzangu waliotaka kumwona mzee kutoka nyumbani. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya Imamu. Lakini kwanza nikampitisha sokoni Khan el-Khalili akanunue zawadi za akina shangazi yako, na wewe wajua vitambaa vilivyo. Tukatoka huko adhuhuri imepita, barabara imeziba, ndege ni jioni. Njiani kwenda uwanjani nikaanza kuomba radhi, akanizuia. Tulipofika, kabla ya kuingia, akageuka kuuelekea mji, akainua mikono, akasoma Fatiha. Akasema, "Imamu nimemsalimia."

Matondoni walimuuliza, kama ilivyo desturi: umemzuru Imamu? Akawajibu maneno yale yale: nimemsalimia. Hakuna aliyejua kwamba mwanawe alimfikisha Cairo asimfikishe kaburini. Alinistiri mpaka alipokufa.

Nisikilize bado, kwa sababu hili ndilo sijakwambia, na ndilo zito kuliko lile la mbao.

Baada ya miezi miwili mitatu ikaja barua yake. Alikuwa amesikia kwa mwalimu mmoja wa chuoni kwamba juu ya kuba la Imamu kuna chombo. Ni kweli kipo. Kuba lenyewe alilijenga Sultani al-Kamil mwaka 1211, ni la mbao lililofunikwa risasi, na kileleni wameweka mashua ndogo ya madini. Babu yako akauliza kifundi: ni dau au ni mashua? Ina mlingoti? Na omo yake, ile ncha ya mbele, imeelekea wapi?

Nilikuwa na mitihani. Kutoka Abbasiya hadi makaburini kwa Imamu ni kitu cha saa moja ukikosa bahati. Ningeweza kwenda Ijumaa yoyote. Sikwenda. Nikakaa kwenye kitanda changu, nikamwandikia: ni mashua, haina mlingoti, na omo imeelekea kibla.

Omo imeelekea kibla. Niliandika hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyojua atapenda. Na alipenda. Alilisema barazani, alilisema msikitini, alilisema kwa mabaharia waliopita. Kisha akachonga ile mashua ndogo ya mbambakofi, iliyo juu ya kabati la mama yako, akaiweka omo kibla. Mlipokuwa wadogo mkiigeuza mkicheza, nilikuwa nakuja nairudisha, nanyi mkanung'unika kwamba Baba anapenda mti kuliko watoto. Sasa unajua.

Nilikaa Cairo miaka 2 zaidi baada ya barua ile na sikwenda kutazama. Nilipita ngomeni mara nyingi, na makaburi yanaanza hapo chini tu. Niliogopa. Ikiwa imeelekea kibla, basi nimebahatisha. Ikiwa imeelekea kwingine, basi baba yangu amewafundisha watu uongo wangu. Siku hizi picha zipo kwenye simu, mwanao mkubwa alinionyesha namna ya kuzitafuta. Mara mbili nimeandika jina la Imamu, na mara mbili nimeizima simu.

Basi nikujibu kidogo, usije ukasema Baba amekimbia swali. Piramidi au makumbusho: nendeni kwanza kwenye jahazi. Haiko tena pale ilipokuwa. Ilihamishwa mwaka 2021 kupelekwa kwenye Jumba Kuu jipya la Makumbusho, huko huko Giza, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Mali ya Tutankhamun nayo imekusanywa humo, vitu zaidi ya 5,000, na watoto watataka dhahabu. Wapeni dhahabu yao. Lakini mbele ya jahazi mketi. Ukikuta hakuna kiti, keti chini.

Msikiti wa Ibn Tulun, wa mwaka 879, wakala wenu hakuuandika, na ule ndio wa kuketi hasa. Una ua mpana mtupu na mnara wenye ngazi zinazouzunguka kwa nje. Barabara ya Muizz nendeni wakati wa magharibi, kutoka lango la Bab al-Futuh mpaka Bab Zuweila, kwa miguu, taa zinapowaka. Asubuhi kuleni ful, maharage ya Kimisri, mchana koshari. Wali, adesi, makaroni na vitunguu vya kukaanga katika bakuli moja, watoto hawataikataa. Treni ya chini ya ardhi pandeni, hata sasa naiona fahari.

Na hapa najibishana mwenyewe. Watu wa safari wana haki kupanga saa. Tiketi ni ghali, mume wako ana likizo ya kuhesabu, na mji ule hata ukikaa miaka 6 hauishi. Huenda babu yako angekaa siku zote 3 mbele ya jahazi lile asione kingine, nawe leo ungeniambia nilimnyima Cairo. Inawezekana. Nimelifikiria hilo miaka mingi, na kila nikifika karibu ya kukubali nakumbuka kidole chake hewani.

Kama siku 4 zinatosha, sitasema. Ni nyumba yako, pesa ni zenu, na mume wako ana rai yake. Neno ninalo, liko mdomoni kabisa, na mama yako amesimama hapa mlangoni ananitazama nisiliandike.

Ila ile ngome ya saa 9. Hapo ngomeni mko karibu sana na kwa Imamu, ni kusini tu. Mwambieni dereva wa teksi "al-Imam al-Shafi'i", kila mtu anapajua. Kuba lilikarabatiwa, wakamaliza 2021. Huko makaburini kumevunjwa sana miaka hii kupisha barabara, kwa hiyo msishangae mkikuta vumbi na kuta zilizokatwa. Ingieni, msomeeni Imamu Fatiha, na msome moja kwa niaba ya babu yako, kwa karibu safari hii. Kisha tokeni nje, mrudi nyuma mpaka kileleni kuonekane vizuri. Mwanao mkubwa ana macho mazuri. Kibla pale ni kusini mashariki, msikitini mtaiona mihrabu, shikeni mwelekeo huo.

Utazame omo imeelekea wapi. Usinipigie simu ukiwa pale, sitaki kusikia sauti yako ikitafuta namna ya kuniambia. Niandikie kwa kalamu kama hivi, uitie barua mkobani, unipe mkononi mkirudi. Na uandike ulichoona, mwanangu, usiandike nitakachopenda. Kabati la mama yako nimelifuta vumbi leo. Mashua iko pale pale, na nitaigeuza kwa mkono wangu ikiwa lazima igeuzwe.

Wasalimu watoto, na mume wako mpe salamu zangu nyingi.

Baba yako