Kuanza uuguzi baada ya miaka 40: hesabu za dawa na ratiba ya wodi kwanza, fomu ya chuo baadaye

Dada, umeuliza mambo matatu: kama miaka 42 ni kuchelewa kuanza uuguzi, kama kichwa kilichoachana na hesabu tangu sekondari kitaweza famakolojia (somo la dawa na zinavyofanya kazi mwilini), na utasomaje ukiwa na watoto wawili na kazi ya kutwa. La kwanza ni jepesi: hujachelewa. Mafunzo kwa kawaida huchukua miaka 3 au 4 kutegemea ni stashahada au shahada, na ukimaliza bado una miaka mingi ya kazi mbele yako. Watu wazima ninaowaona wakikwama hawakwamishwi na umri. Wanakwama kwenye hesabu za dawa na kwenye ratiba ya wodini, na yote mawili unaweza kuyashughulikia kabla hujajaza fomu.

Nianze na hesabu, maana ndizo zinazokutia hofu. Hesabu za dawa ni zilezile za shuleni: kugawanya, kuzidisha, desimali na kubadili vipimo. Vyuo vingi hudai alama za juu sana kwenye mtihani huu, vingine hudai upate zote, kwa sababu kosa lake linaingia mwilini mwa mgonjwa. Kanuni ya msingi ni moja: dozi iliyoandikwa, gawanya kwa dozi iliyopo, zidisha kwa ujazo uliobeba hiyo dozi iliyopo. Daktari ameandika gentamicin (dawa ya kuua bakteria) miligramu 60, ampuli, yaani kichupa cha dawa ya sindano, ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Basi 60 gawanya kwa 80 ni 0.75, mara 2 ni mililita 1.5. Kwa mtoto unaanza na uzito: paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, mtoto ana kilo 12, hiyo ni miligramu 180. Kama chupa ina miligramu 120 katika kila mililita 5, unampa mililita 7.5.

Dripu ina hesabu yake. Ujazo zidisha kwa idadi ya matone yanayofanya mililita moja, kisha gawanya kwa dakika. Idadi ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya mpira wa dripu: ya kawaida huwa 10, 15 au 20, na ile ya matone madogo ni 60. Mililita 1000 kwa saa 8 kwa mpira wa matone 20 ni 20,000 gawanya kwa dakika 480, yaani 41.67, karibu matone 42 kwa dakika. Wanaokosea hapa karibu wote wamegawanya kwa saa badala ya dakika, au wamekariri 20 bila kusoma pakiti.

Kosa baya kuliko yote liko kwenye vipimo vyenyewe. Miligramu moja ni mikrogramu 1000. Digoxin (dawa ya moyo) ya mikrogramu 125 ni miligramu 0.125, na kama kidonge kilichopo ni cha miligramu 0.25, mgonjwa anapewa nusu. Ukichanganya vipimo hivyo umekosea mara elfu, na ukisogeza nukta vibaya umekosea mara kumi. Ndiyo maana utafundishwa kuandika 0.5 na kamwe si .5, na kuandika 5 peke yake badala ya 5.0, kwa sababu nukta iliyofifia hugeuza 5.0 kuwa 50. Jizoeze pia kukadiria kabla ya kukokotoa. Kama jibu lako linataka ufungue ampuli sita kwa dozi moja, simama, rudia hesabu, kisha mwombe mwenzako aikokotoe peke yake bila kuona jibu lako. Fanya maswali kumi kila siku kwa miezi miwili kabla chuo hakijafunguliwa, kwa kalamu, bila kikokotoo. Kwa mtu aliyeziacha hesabu muda mrefu, hayo ndiyo maandalizi yenye faida kubwa kuliko mengine yote.

Ratiba sasa. Kabla ya kulipa ada yoyote, omba chuo kikupe kwa maandishi mpangilio wa mafunzo ya wodini: yanaanza muhula gani, siku ngapi kwa wiki, zamu ya asubuhi huanza saa ngapi, zamu za usiku zipo au hazipo, na hospitali zinazotumika ziko umbali gani. Wengi huuliza ratiba ya darasani tu, wakaona inaendana vizuri na kazi. Kisha wodi inaanza, na ratiba ya wodi haisogezwi. Saa za vitendo huhesabiwa na baraza linalotoa leseni, hivyo ukikosa siku huwezi kunakili daftari la mwenzako. Utazifidia, mara nyingi wakati wa likizo, au hutasajiliwa kwa mtihani. Tafuta watu wawili wa kukaa na watoto, kwa sababu mmoja ataugua siku ya mtihani wako wa vitendo. Na kama utaendelea na kazi, omba kupunguziwa saa tangu mwanzo. Usipange kabisa kutoka zamu ya usiku ya kazini ukaingia wodini asubuhi: mtu asiyelala hukosea dawa hata akiwa amebobea kwenye hesabu.

Kuhusu kusoma, usishindane na vijana kwa kukesha. Kusoma ukurasa uleule mara tano hukupa hisia ya kuujua bila kuujua. Funga kitabu, andika unachokumbuka, fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Tanguliza moyo, mapafu, figo na maji ya mwili, kwa sababu famakolojia imekaa juu ya hayo. Anayeelewa figo hahitaji kukariri kwamba furosemide hupewa asubuhi: dawa inatoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo, mgonjwa akipewa jioni ataamka usiku kucha, na potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa, inatoka pamoja na mkojo huo, kwa hiyo moyo wake unahitaji kuangaliwa.

Mitihani ya uuguzi ina tabia moja inayowasumbua sana watu wazima. Majibu yote manne yanaweza kuwa sahihi, swali ni lipi linatangulia. Njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu. Na kama swali halijakupa vipimo vya mgonjwa, kwa kawaida jibu ni kumpima na kumchunguza kabla ya kumwita daktari. Mtu aliyelea na kuuguza nyumbani huchagua alichozoea kufanya. Jibu kwa yaliyoandikwa kwenye swali tu.

Hali ni hiyohiyo kwenye mtihani wa vitendo wa vituo, yaani unapita kituo kimoja hadi kingine ukifanya kazi moja kila kituo, ambako kengele inalia baada ya dakika chache na mtahini ana orodha mkononi. Waliowahi kuwa wahudumu wa afya hupoteza alama nyingi kuliko wageni, kwa sababu mikono yao inakimbia hatua. Nawa mikono (sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, 20 hadi 30 kwa dawa ya kupaka), jitambulishe, hakikisha jina la mgonjwa kwa kumuuliza yeye na kuangalia utepe wa mkononi, eleza unachokwenda kufanya, omba ridhaa. Sema kwa sauti kila unachokifanya. Kwenye kufunga kidonda, mkono wenye glovu tasa (zisizo na kijidudu chochote) ukishuka chini ya kiuno umeshachafuka hata kama haujagusa kitu. Sema hivyo, badilisha glovu, endelea. Mtahini anakupa alama kwa kugundua.

Kipimo cha presha kwa mkono nitakieleza taratibu, kwa kuwa wengi hukifanya vibaya hadi wanahitimu. Mgonjwa akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu haijapandana, mkono ulegezwe usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 hadi 3 juu ya kunjo la kiwiko. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza presha ya uongo. Gusa mshipa wa kifundo cha mkono, jaza upepo mpaka mapigo yapotee, ongeza milimita 30 za zebaki. Kisha weka stetoskopu juu ya mshipa wa kiwiko na uteremshe milimita 2 au 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ni namba ya juu, sauti inapopotea ni ya chini. Kama husikii kitu, angalia kwanza vipande vya masikioni: vinatakiwa kuelekea mbele, upande wa pua. Na usikadirie hadi namba inayoishia na sifuri. Soma mstari halisi, 138 iandikwe 138.

Mwili nao uandae. Baada ya miaka 40 macho ya karibu huanza kudhoofika, na maandishi ya ampuli ni madogo mno, basi pima macho na upate miwani kabla ya muhula wa kwanza. Nunua viatu vilivyofunika vidole vyenye soli isiyoteleza na saa yenye mshale wa sekunde. Kitanda kipandishe hadi usawa wa nyonga kabla ya kumgeuza mgonjwa, mtelezeshe kwa shuka mkiwa wawili, wala usimnyanyue kwa makwapa: unaumiza bega lake na mgongo wako.

Vyeti vikague mapema. Jina la cheti cha shule likitofautiana na la kitambulisho, kama ilivyo kwa wengi walioolewa, kulirekebisha huchukua muda. Baadhi ya vyuo havipokei matokeo ya sayansi ya zamani sana, na huenda ukatakiwa kurudia somo moja au mawili. Hakikisha pia chuo kinatambuliwa na baraza la wauguzi, ukiulizia kwenye baraza lenyewe na si kwa wakala wa udahili.

La mwisho ni chanjo ya homa ya ini B. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Kisha damu hupimwa mwezi 1 au 2 baada ya dozi ya tatu kuona kama kinga imepatikana, na wachache hulazimika kurudia. Hospitali nyingi hazimruhusu mwanafunzi kugusa sindano bila hiyo karatasi, kwa hiyo hesabu miezi 8 kurudi nyuma kutoka siku ya kwanza ya wodi, ukapate dozi ya kwanza tarehe hiyo.