Kabla Hujatoa Hela ya Besi, Ishike Shingo

Wadogo zangu mnaoanza kupiga besi, na nyie mnaotumwa na kwaya zenu kuja mjini kununua gitaa, nawaandikia kwa sababu simu ninazopokea zinakuja zikiwa zimechelewa. "Kaka, nimepata besi, njoo unitazamie." Nikiuliza kama ameshalipa, jibu huwa ni ndiyo. Hapo kinachobaki ni kumtafutia fundi, na mara nyingine fundi naye hana la kufanya.

Besi yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, mtumba, nyekundu, inang'aa. Nilitoa laki nne na nusu, akiba ya miezi minane ya kupiga kwenye harusi. Muuzaji aliichomeka kwenye spika, akagonga uzi wa E, ule mnene kuliko wote, vioo vya kabati vikatetemeka, nami nikaona nimepata. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona nyuzi zimenyanyuka mno: pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kidole changu kidogo kilipita kati ya uzi na ubao bila kugusa popote. Nikaipeleka kwa fundi. Akafungua kile kifuniko kidogo cha kichwani, akaingiza ufunguo wa pembe sita, akazungusha. Ufunguo ukazunguka bure. Tundu la nati inayokaza chuma cha ndani ya shingo lilikuwa limelika, limebaki duara. Mzee yule akaiweka besi mezani taratibu, akaniambia, "Mwanangu, gitaa ni hii shingo. Huo mwili ni ubao wa kuishikilia."

Tangu siku hiyo naanza na shingo, na nyie nawaomba mwanze hapo. Besi ya kawaida ina inchi 34 kutoka kwenye karanga ya juu, pale nyuzi zinapoingia kichwani, hadi kwenye daraja, kile chuma cha mwilini kinachoshikilia nyuzi upande wa pili. Kipimo hicho kimekuwapo tangu Leo Fender alipotoa Precision Bass kule California mwaka 1951. Nyuzi nne za unene wa kawaida zikikazwa sawasawa zinavuta shingo kwa uzito unaozidi kilo 70, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limelala kwenye mfuko wake. Ndani ya mbao kuna chuma kinachovuta upande wa pili ili shingo isipinde. Chuma hicho kikikatika au nati yake ikilika, umenunua shida.

Ishike besi kama seremala anavyotazama ubao: kitako karibu na jicho, kichwa mbele, ufuate kingo zote mbili za shingo. Zikienda sawa, endelea. Ukingo mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, shingo imejikunja kama kamba, na ugonjwa huo hautibiwi na ufunguo. Shukuru, aga, ondoka. Kama iko sawa, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia uubonyeze kwenye freti ya mwisho. Sasa uzi wenyewe umekuwa rula. Tazama katikati, kwenye freti ya 7 au ya 8. Nafasi ya kupitisha kadi ya vocha ya simu kwa shida ni nzuri. Nafasi ya kupitisha sarafu ni kubwa mno, na ikiwa hakuna nafasi kabisa, shingo imepinda kinyumenyume. Hayo mawili yanarekebishika iwapo chuma kinafanya kazi, kwa hiyo mwombe muuzaji ujaribu ufunguo, robo ya mzunguko tu, uone kama nati inashika. Akikataa kabisa, mrudishie gitaa lake.

Halafu piga kila freti kwenye kila uzi, bila spika. Precision ina freti 20, nyuzi nne, ni sauti 80. Haimalizi dakika tano. Muuzaji atakuchangamkia, atakupigia stori, atakuonyesha na nyingine. Wewe endelea kuhesabu. Unatafuta freti iliyonyanyuka, inayofanya sauti ya jirani yake ikwaruze. Kwenye besi nyingi za mtindo wa Fender utakuta uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7, sauti inakufa mapema kuliko kwingine. Usiogope hiyo. Ni mbao ya shingo inayomeza mtetemo, na ipo hata kwenye magitaa ya bei kubwa.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la zaidi, chumvi. Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, tazama skrubu ndogo za darajani kabla hujatazama rangi. Zikishagandamana kwa kutu huwezi kupandisha wala kushusha uzi, na huwezi kusahihisha sauti ya freti ya 12. Ilivyo kawaida, muuzaji anafuta vumbi mwilini na kuacha daraja lilivyo.

Mambo ya umeme wa ndani ya gitaa yasikutishe. Kitufe kinachokwaruza kinasafishwa kwa dawa ya kupuliza. Jeki, tundu la kuchomekea waya, ikilegea inachomewa upya kwa risasi. Besi zenye betri ya volti 9 ndani zina tabia moja ambayo wengi hawaambiwi: betri inaanza kuliwa mara tu waya unapoingia kwenye gitaa, hata usipopiga. Chomoa waya ukimaliza mazoezi. Na fungua kile kichumba cha betri kabla ya kununua. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye viunganishi, betri ilivujia humo siku nyingi.

Nyuzi kuukuu zisiwe sababu ya kukataa gitaa. Tumezichemsha miaka yote: maji yanayotokota, dakika kumi, kukausha vizuri kabisa, kurudisha. Sauti inarudi kwa wiki kadhaa. Lakini tumia uchakavu wa nyuzi hizo kushusha bei, maana seti mpya ya besi ni ghali kuliko ya gitaa la solo.

Kwenye amplifaya nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa hela inaungua ikitoa moshi. Ndugu yangu aliyeko Marekani alinitumia amplifaya nzuri kwenye kontena. Nilitafuta plagi ya kubadilishia, nikachomeka ukutani. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Harufu ile ya vanishi inayoungua ndani ya transfoma, aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Japani ni 100, wa kwetu ni 230. Plagi ya kubadilishia inabadilisha miguu ya plagi tu, volti zinabaki zile zile. Geuza amplifaya uone nyuma pameandikwa nini. Ikiwa ni 120 peke yake, nunua na transfoma ya kushusha umeme, yenye wati zinazozidi zile inazokula amplifaya, au iache. Inayotoka Uingereza huna shida nayo, umeme wao na plagi yao ya miguu mitatu ni kama yetu. Kwaya isiyo na hela ya amplifaya ya besi iunganishe gitaa moja kwa moja kwenye mikisa kupitia kiboksi cha kuunganishia. Fundi mitambo anakijua. Ila msipige besi kwa nguvu kwenye spika ya redio ya nyumbani. Itapasuka ngozi.

Sasa hili ambalo vijana hamlioni: gitaa ni la nani? Historia ya muziki wa dansi Tanzania ni historia ya vyombo visivyo vya wapigaji. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Bendi za jeshi, za polisi na za mashirika ya umma nazo ziliendeshwa hivyo hivyo: mwanamuziki analipwa mshahara, vyombo ni vya mwajiri. Hadi leo bendi nyingi zina mmiliki mwenye vyombo, na kanisani gitaa ni la kwaya, halimhusu aliyelivaa begani. Kwa hiyo kijana akikuletea besi saa tatu usiku, bei nusu, anataka hela sasa hivi kwa sababu ana mgonjwa, mwonee huruma kwa maneno lakini uliza maswali. Alinunua wapi? Nani alikuwepo? Mfuko wake uko wapi? Kuna watu wameweka rehani gitaa la bendi na bendi ina shoo Jumamosi. Ukilinunua, Jumapili utakuwa kituoni unaeleza.

Besi ikiibwa huwa haisahauliki. Ile Precision ya mwaka 1962 ya James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, iliibwa siku chache kabla hajafariki mwaka 1983, na haijaonekana. Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, ya mpigaji wa Marekani Jaco Pastorius, aliyoing'oa freti, iliibwa mwaka 1986 na ikaibuka dukani New York miaka 20 baadaye. Ilibidi Robert Trujillo, mpiga besi wa bendi ya roki ya Metallica, aingie kati mwaka 2010 ili familia iipate. Mwenye gitaa analijua kwa mikwaruzo yake, kama mfugaji anavyomjua ng'ombe wake.

Jina la kichwani nalo lichunguzwe. Stika ya Fender inabandikwa na yeyote. Ninachokutana nacho mara kwa mara ni Squier, ambayo ni chapa ya Fender yenyewe ya bei nafuu, ikiwa imesuguliwa kichwani kwa msasa na kubandikwa jina kubwa. Pitisha kidole pale penye jina na uangalie kwa mwanga wa pembeni. Vanishi iliyoguswa inaonyesha wimbi. Soma namba ya mfululizo: tangu 2010, Fender za Marekani huanza na US na za Meksiko na MX, tarakimu mbili zinazofuata zikiwa ni mwaka. Namba hiyo peke yake bado haikuhakikishii, maana nayo huandikwa na mwenye nia mbaya, lakini anayekuambia "hii ya mwaka 1978 orijino" huku namba ikisema US14 amekupa jibu mwenyewe. Squier isiyofichwa ni besi nzuri ya kuanzia. Tena zile za Japani za 1982 hadi 1984, zenye namba inayoanza na JV, leo wakusanyaji wanazitafuta kwa udi na uvumba.

Siku ya kuuza, uza kama ulivyotamani kuuziwa. Piga picha mchana, nje, bila kupaka mafuta ya kung'arisha. Onyesha ufa kabla ya kuonyesha uzuri. Mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Morogoro alinipigia kuhusu Yamaha niliyokuwa nauza. Nikamwambia kitufe cha pili kinakwaruza na freti ya 3 imelika chini ya uzi wa A. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nitume hela na ya kutolea." Nikamkatalia. Nikamwomba aje, au amtume mtu aishike. Alikuja mwenyewe na basi la alfajiri, akapiga nyimbo mbili za kitabuni akiwa amefumba macho, akalipa bei niliyotaja. Hadi leo kwaya tatu za kule zimenunua kupitia kwangu kwa sababu ya mwalimu yule. Kutuma hela kabla ya kuona msifanye, na kupokea hela ya mtu asiyeona msipende sana pia, kwani lawama zote zitakurudia.

Mkituma au kupokea gitaa kutoka nje, legezeni nyuzi kidogo, msizilegeze zote kabisa, na mzibe nafasi chini ya kichwa ili kisivunjike mzigo ukidondoka. Kuhusu mbao, kati ya 2017 na 2019 biashara ya kimataifa ya vyombo vyenye mbao za miti ya jamii ya Dalbergia ilihitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini. Mpingo wetu wa Kilwa na Lindi, unaokwenda kuwa klarineti Ulaya, ni wa jamii hiyo. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vilifunguliwa, isipokuwa vyenye mbao ya Dalbergia ya Brazili, ambayo bado imefungwa. Kwa besi ya zamani sana, uliza hilo.

Na kukusanya? Nina besi sita, hakuna hata moja ya kabla ya 1965, mwaka ambao kampuni ya Fender iliuzwa kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, na ambao wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanauhesabu kama mpaka. Hizo siziwezi. Ninachokusanya ni besi zilizopigwa hapa: za kumbi, za baa, za makanisa. Kila moja ina daftari lake, nani aliinunua, alipiga wapi, ilivunjika lini, fundi nani aliigusa. Ukianza kukusanya, anza na daftari, kwa sababu wapigaji wenyewe wanaondoka na hakuna mwingine aliyeandika.

Mwaka juzi nilipata besi moja ya Kijapani isiyo na jina, rangi imeliwa juu ya uzi wa E pale kidole gumba kinapoegemea. Nikaipeleka kwa mzee mmoja Ilala aliyepiga rithimu kwenye bendi za dansi maisha yake yote. Nikamwamkia shikamoo, nikaifungua mfuko bila kusema kitu. Hakuitazama mbele. Aliigeuza, akapapasa mgongoni, akapata alama tatu za mkanda wenye vifungo vya chuma, akazihesabu kwa kidole. "Huyu alikuwa anavaa mkanda wa jeshi," akasema. "Mpaka tukamwambia avue, unachuna gitaa la watu." Akanitajia jina, ukumbi, na wimbo waliokuwa wakifungulia usiku. Nikatoa daftari. Akaniambia nisogeze kiti, kwa sababu yako mengi.