Jibu: Kaka yako kuja Mbeya wiki tatu

Mkuu, umeuliza kama kaka yako, fundi wa vifaa tiba huko Ujerumani, akija Mbeya wiki tatu atasaidia au atapoteza likizo bure. Mwambie aje! Utaratibu huu wa wataalamu walio ughaibuni kurudi kwa muda mfupi kusaidia nyumbani una historia: UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walianzisha mpango wa aina hiyo uitwao TOKTEN nchini Uturuki mwaka 1977, na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wakaleta wa kwao uitwao MIDA kwa Afrika mwaka 2001.

Ila asihangaike kubeba mashine mpya. Wodini kwetu alikuja mmoja kama yeye, akachomoa chujio la mashine ya oksijeni, limejaa vumbi jeusi. Akaliosha kwa sabuni, akalianika likauka, kisha akanikabidhi la pili nioshe mwenyewe. Mpaka leo naosha kila wiki.

Barua ya mganga mfawidhi wa hospitali atakayokwenda kusaidia aombe mapema.