Barua kwa mwanangu: kuhusu zile mita 300

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa miwani. Unauliza kama mita 300 ni mbali mno kumpiga mnyama kwa hiyo bunduki yako mpya ya .308. Wenzako unaowinda nao wanasema bunduki hiyo inafika hapo bila jasho, na wewe unataka neno langu kabla msimu haujafunguliwa, kwa sababu baba yako hayupo wa kuulizwa na mjomba wako, unasema, atakujibu kile anachopenda kukisikia yeye mwenyewe. Kuhusu mjomba wako umesema kweli.

Bunduki inafika, hilo halina ubishi. Risasi yake isipokutana na kitu inasafiri kilomita kadhaa. Hata ile bunduki ndogo ya .22 uliyojifunzia, ambayo nyote mliiona ya kuchezea, risasi yake inaweza kupita kilomita moja na nusu. Kwa hiyo suala la kufika tuliweke kando. Kama darubini ya bunduki umeirekebisha ilenge sawasawa kwa mita 100, kwenye mita 300 risasi itakuwa imeshuka sentimita 40 na ushei. Upepo wa ubavuni wa kilomita 15 kwa saa, ule wa kutikisa majani na vijiti tu, utaisukuma pembeni karibu shubiri nzima. Na itakaa hewani takriban sekunde 0.4, muda unaomtosha mnyama kuinua mguu na kupiga hatua. Wewe umelenga mapafu, yeye amesogea, risasi imeingia tumboni. Haya yote unayajua, au utayajua ukifungua jedwali la risasi zako. Tangu ukiwa mdogo wewe ndiye mtu wa hesabu nyumbani.

Mimi nina swali jingine, na ndilo nitakalolijibu, uniwie radhi. Baada ya kufyatua, nani atakwenda kuangalia pale aliposimama yule mnyama?

Nauliza kwa sababu ya yule mgeni wa mjomba wako. Unajua ninayemsema. Ulikuwa mdogo, tulikuacha kwa bibi, lakini kisa chake umekisikia vipande vipande, kila mtu akikikatisha mahali panapomfaa. Leo nakupa chote.

Tulikuwa kwenye mteremko, jua limeanza kushuka, na ng'ambo ya bonde kulungu dume akatoka kichakani. Mgeni alikuwa na bunduki ya bei mbaya, na alikuwa ametusimulia sifa zake tangu alfajiri. Baba yako akamwambia kwa upole: tushuke, muda tunao, na upepo unatujia usoni. Tungeweza kuupunguza umbali ule kwa nusu na mnyama asijue. Mgeni akasema hakuna haja. Akalala chini, akaweka kitako begani, akafyatua.

Mimi nilikuwa na darubini yangu ya macho, kwa hiyo nilikiona kile ambacho wao, waliokuwa wakishangilia, hawakukiona. Kulungu hakuruka wala hakutimka. Alikunja mgongo, akasimama kidogo, kisha akaingia kichakani akitembea, kichwa chini. Nikasema, "Amempiga tumboni." Mjomba wako alikuwa anampa mgeni mkono wa pongezi. Nikarudia. Mgeni akanigeukia na tabasamu ambalo mpaka leo naliona, akasema, "Dada, yule amekwisha."

Pale aliposimama tulikuta nywele, na tone la damu nyeusinyeusi lenye vipande vya majani yaliyotafunwa, na harufu ambayo ukishaijua huichanganyi na nyingine. Damu ya mapafu ni nyekundu ya kung'aa, ina povu. Hiyo unasubiri nusu saa, unafuata, unamkuta karibu ameshakufa. Ile nyingine unasubiri saa kadhaa, hata kama roho inakusukuma, kwa sababu mnyama aliyeumia tumboni akiachwa atajilaza mahali si mbali, na akisumbuliwa atainuka na kwenda mpaka umpoteze. Baba yako akasema tukae. Mgeni akatazama saa yake. Akaingia kichakani, mjomba wako nyuma yake, na haukupita muda tukasikia matawi yakivunjika. Kulungu ameinuka. Halafu giza.

Asubuhi mgeni alikuwa na safari. Alituaga vizuri kabisa, lazima niseme, mtu wa adabu zake.

Tukabaki mimi na baba yako. Damu ilikuwa imekatika, tukafuata nyayo, na zilipopotea juu ya mawe tukafanya ile kazi ya kuchosha: mmoja anasimama kwenye alama ya mwisho, haondoki, mwenzake anazunguka duara, kisha duara kubwa zaidi, mpaka apate alama nyingine. Tulimpata jua likiwa utosini. Amelala chini ya mti, kichwa juu, anatutazama. Alikuwa hai, mwanangu. Usiku kucha na asubuhi yote. Baba yako akanirudisha nyuma yake, akahakikisha nyuma ya mnyama hakuna kitu ila udongo, akammaliza. Kisha akangoja, akamkaribia kutoka mgongoni, akamgusa jicho kwa fimbo ndefu kama alivyokufundisha. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Lakini hicho sicho kinachoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba mgeni alipiga simu kuulizia pembe, na baba yako akampa!

Tuligombana, nanyi mkasikia kupitia ukuta. Nimesema maisha yangu yote, nanyi mmechoka kunisikia: risasi ina mwenyewe. Mwenyewe ni aliyeifyatua. Inachopata ni chake, na ikikosa ikaendelea mbele, kilicho huko mbele ni chake pia. Kwangu mimi maana yake ni kwamba yule bwana alipaswa kulala pale porini, aahirishe hiyo safari yake, atambae nasi kwenye mawe. Baba yako akanigeuzia maneno yangu mwenyewe: kama risasi ni yake, basi na pembe ni zake. Akazifunga kwenye gunia, akampa mjomba wako azifikishe.

Kuna wakati nadhani alitaka yule mtu azitundike ukutani, azione kila akiamka, akumbuke zilivyopatikana. Halafu najiambia hapana, baba yako hakuwa mtu wa mafumbo. Alikuwa amechoka na alitaka simu ikatwe. Na yule bwana, nina hakika, akiwaonyesha wageni wake zile pembe hutaja umbali tu, na kila mwaka umbali unaongezeka.

Sasa nisikudanganye kwamba umbali ndio dhambi. Baba yako mwenyewe nilimwona akipiga kwa umbali ambao mtu mwingine ningemkataza: amelala kifudifudi, mkoba chini ya bunduki, hewa imetulia, mnyama anakula bila wasiwasi, ubavu wote wazi. Mnyama akaanguka palepale. Sikusema kitu. Je, mwiko wangu ni kwa watu nisiowapenda tu? Inawezekana, na umeshaniambia hivyo mara moja ukiwa na hasira. Lakini nilichokiona kwa baba yako ni kwamba kishindo kikiwa bado hakijaisha alikuwa ameshakoki tena na jicho liko kwenye darubini, hashangilii. Na mara nyingi zaidi nilimwona akiacha. Anarudisha sefti, kile kifungio cha kuzuia bunduki isifyatuke, anainuka, anajipangusa vumbi. Mara mnyama yuko juu ya kilima na nyuma yake ni anga tupu. Mara kuna mwingine nyuma ya huyo anayemlenga, risasi ingepita kwa wote wawili. Mara hakueleza, na sisi hatukuuliza.

Norwei, kila anayetaka kuwinda wanyama wakubwa anapimwa shabaha kila mwaka: risasi tano kwenye picha ya mnyama, mita 100, na zote lazima ziingie panapotakiwa. Mita mia, si mia tatu, na kuna wanaoshindwa. Zaidi ya hapo, anayewinda baadhi ya wanyama wa jamii ya kulungu anatakiwa awe na uhakika wa kumpata mbwa aliyefunzwa kufuata mnyama aliyejeruhiwa. Hiyo ya mbwa naipenda kuliko ya shabaha. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba hata hodari ataharibu siku moja, wakataka wa kwenda kuangalia apatikane kabla bunduki haijatoka nyumbani.

Nije sasa kwenye ule mstari wa barua yako ulioupitisha kama utani. Unasema mwenzenu mmoja hutumia darubini ya bunduki kutazama nani anakuja ng'ambo, na siku moja alikuambia, huku anacheka, kwamba alikuona kwenye ule msalaba wa kioo ukijikuna. Eti sefti ilikuwa imefungwa.

Mimi hilo sikulicheka. Mtu akikuona kwenye darubini ya bunduki, mtutu unakuelekea kifuani. Sefti ni kipande cha chuma. Kinalika, kinaingia mchanga, na mkono wenye baridi hudhani umeifunga kumbe umeifungua. Bunduki huhesabiwa ina risasi hata kama risasi umezitoa mwenyewe sasa hivi. Kidole hukaa nje ya kifyatulio mpaka jicho liwe kwenye shabaha na akili imeshakubali. Kuvuka uzio, kupanda mti, kumpa mwenzako bunduki aishike: boliti, ile komeo ya nyuma ya mtutu, iwe wazi, chemba, pale risasi inapokaa, iwe tupu, na yeye aione kwa macho yake. Ukiteleza ukaanguka, toa risasi zote, kisha tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma, maana tope kidogo tu linaweza kuupasua. Haya hayana mjadala na sitaki kuyarefusha.

Unakumbuka Februari 2006, Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani, alipompiga rafiki yake Harry Whittington kwa marisau, zile chembe ndogo za risasi, wakiwinda kware huko Texas? Alimfuata ndege aliyeruka, akageuka naye, na upande ule alikuwa amesimama mtu. Hawakuwa watoto wala wageni wa bunduki. Mzee Whittington alipotoka hospitali, yeye aliyepigwa ndiye aliyesema anasikitika kwa masaibu yaliyoipata familia ya Cheney. Baba yako aliona huo ni ungwana wa hali ya juu. Mimi nilimpenda zaidi Cheney, kwa siku moja tu, alipokubali kwenye televisheni kwamba aliyefyatua ni yeye na kosa si la rafiki yake. Risasi ina mwenyewe, hata kama mwenyewe ni makamu wa rais.

Unasema uliona haya kumwambia kitu huyo mwenzako kwa kuwa ni mkubwa wako kazini. Haya hiyo naielewa. Mimi pia nilisema mara mbili kwamba kulungu amepigwa tumboni na nikanyamazishwa na tabasamu. Lakini kulungu alikuwa ng'ambo. Wewe uko mbele ya mtutu. Mwambie palepale, mbele ya wenzako, si jioni mkiwa wawili, kwa sababu jioni ataligeuza kuwa ushauri. Akiwa mtu wa kufaa ataona aibu kidogo na ataacha. Na mwambie anunue darubini ya macho. Ile yangu iko kabatini, mkanda tu ndio umekatika, mpe aitumie mpaka apate yake.

Ulimi unaniwasha kukuambia usiende nao tena. Nimeandika sentensi hiyo na kuikata mara kadhaa. Wewe ni mtu mzima, una watoto wako, na hukuniuliza hilo. Pia sijawahi kuwaona watu wenyewe, nimewaona kwenye barua moja tu, na yule mgeni wa mjomba wako kwenye barua angeonekana mtu mzuri sana. Basi sisemi. Ila ukienda, tembea nyuma yao, si mbele.

Na kuhusu mita 300, namba sikupi, ijapokuwa ninayo. Chukua sahani za karatasi zenye upana wa sentimita 20 hivi, maana moyo na mapafu ya mnyama wa kadiri havizidi sana hapo. Usipigie mezani juu ya mifuko ya mchanga. Piga ukiwa umesimama, umepiga goti, umeegemea fimbo, na kabla ya hapo panda kilima mpaka uheme. Anza karibu, rudi nyuma kidogo kidogo. Pale ambapo risasi zote bado zinakaa ndani ya sahani, zote, si nyingi kati ya zote, ndipo penye mwisho wako kwa msimu huu. Niandikie ni mita ngapi, na usizungushe namba kwenda juu kama mjomba wako.

Wasalimie watoto.

Mama yako